Betri Hupimwa, Haiaguliwi

Mwaka 1991 yalitokea mambo mawili ambayo kwa wakati ule hayakuonekana kuwa na uhusiano wo wote. Nchini Japani, kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za ioni za lithi, za kwanza za aina hiyo kufika sokoni. Nchini Ufini, katika mwezi wa Agosti, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds alitangaza kwamba alikuwa akiunda mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta yake. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa Linux. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ikipata umeme kutoka ukutani wakati wote, kwa hiyo hapakuwa na sababu kubwa ya kuhesabu wati. Leo vitu hivyo viwili vimekutana ndani ya chombo kimoja, yaani kompyuta mpakato, na watumiaji wengi hulalamika kwamba havipatani. Husemwa kwamba Linux hula betri.

Lalamiko hilo si dogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya marekebisho kwa mfumo wake wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya kupokea toleo linalofuata. Kompyuta za namna hiyo ndizo zinazopatikana kwa bei ambayo shule yaweza kuimudu, au hutolewa kama msaada. Zikiwekewa Linux huweza kufanya kazi kwa miaka mingine mingi. Lakini kompyuta mpakato inayozimika kabla kipindi hakijaisha haimfai mwalimu katika chumba chenye soketi moja ya umeme, na haimfai kabisa katika shule inayotegemea umeme wa jua. Mwalimu akishaamini kwamba ubaya uko katika mfumo, mashine hurudishwa stoo, na wanafunzi arobaini huendelea kujifunza kibodi kwa kutazama picha yake ubaoni.

Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba lalamiko hilo mara nyingi hutolewa bila kupima cho chote, na kwamba hata tiba zake hunakiliwa bila kupima cho chote. Mtu huambiwa aandike amri fulani, huiandika, hujisikia amepata nafuu, kisha humpa jirani amri ile ile. Huko ni kuagua. Kompyuta yenye Linux ni miongoni mwa vyombo vichache vya shuleni ambavyo huonyesha vipimo vyake vyenyewe, na shule isiyovisoma vipimo hivyo imepokea nusu tu ya kitu ilichopewa.

Magonjwa mawili yenye dalili moja

Nishati iliyomo katika betri hupimwa kwa wati-saa. Kasi ya kuitumia nishati hiyo, yaani nguvu, hupimwa kwa wati. Muda wa betri ni nishati ikigawanywa kwa nguvu. Betri yenye wati-saa 30, katika kompyuta inayotumia wati 10, hudumu saa 3. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya hesabu hiyo kichwani, walakini ndiyo hesabu inayosahauliwa na wengi wanaotoa mashauri juu ya betri.

Kutokana na hesabu hiyo yaonekana kwamba betri huweza kuisha upesi kwa sababu mbili: ama nishati inayobebwa ni kidogo, ama nguvu inayotumiwa ni kubwa. Dalili ni moja, lakini magonjwa ni mawili, na tiba zake hazifanani. Betri ya lithi huzeeka. Kila inapochajiwa na kutumiwa, na hata inapokaa tu mahali pa joto hali imejaa, sehemu ya lithi yake hunaswa katika utando unaoota juu ya elektrodi hasi, nayo haishiriki tena katika kubeba chaji. Hakuna programu yo yote iwezayo kuirudisha lithi hiyo.

Ili kuyatenga magonjwa hayo mawili, yatosha kusoma mafaili machache. Katika kompyuta nyingi zenye Linux, mafaili hayo yamo katika folda iitwayo /sys/class/power_supply/BAT0, nayo husomeka kama maandishi ya kawaida. Faili la energy_full_design hutaja nishati ambayo betri iliundwa kubeba ilipokuwa mpya. Faili la energy_full hutaja ile iwezayo kubeba sasa. Faili la energy_now hutaja nishati iliyomo wakati ule ule wa kusoma, na power_now hutaja nguvu inayotoka. Vipimo hutolewa kwa maikrowati-saa na maikrowati, kwa hiyo tarakimu hizo sharti zigawanywe kwa 1,000,000. Baadhi ya kompyuta hutaja chaji badala ya nishati, katika charge_full, na mkondo badala ya nguvu, katika current_now. Hapo kwanza hubadilishwa kuwa ampea-saa na ampea, kisha huzidishwa kwa volti za betri.

Na ichukuliwe mfano wa mashine ambayo energy_full_design yake ni 50,000,000 na energy_full yake ni 30,000,000. Betri hiyo imebakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake wa awali. Iwapo power_now, skrini ikiwa imewashwa na pasipo kazi nzito, husoma kama 6,000,000, mashine hutumia wati 6 na itadumu saa 5. Hapo mfumo hauna kosa. Muda uliopungua umepungua kwa uzee wa betri. Lakini iwapo power_now husoma 15,000,000 na hakuna afanyaye kazi yo yote, betri ile ile itadumu saa 2, na kuna kitu kinachokula umeme bila kazi. Anayemnunulia mgonjwa wa pili betri mpya hupoteza fedha za shule. Anayemfutia mgonjwa wa kwanza mfumo na kumwekea mwingine hupoteza siku nzima, na jioni hubaki na betri ile ile.

Wati huenda wapi

Katika kompyuta iliyotulia, skrini aghalabu ni miongoni mwa watumiaji wakubwa wa umeme, na kupunguza mwanga wake ni hatua ya kwanza isiyohitaji amri wala utaalamu. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ina tabia nyingine. Nguvu inayotumiwa na saketi zake zinapofanya kazi huenda sambamba na masafa ya mapigo yake na pia na mraba wa volti zake. Mapigo yakibaki yale yale na volti zikapunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, nguvu hiyo hushuka hadi asilimia 81 ya ile ya kwanza. Ndiyo maana prosesa za kisasa hushusha mapigo na volti kwa pamoja kazi inapokuwa ndogo.

Hata hivyo, akiba kubwa zaidi hutokana na usingizi. Katika sekunde moja ya kuandika barua, prosesa huwa na kazi kwa sehemu ndogo tu, na muda uliobaki huweza kuzima sehemu zake nyingi. Zamani kiini cha Linux hakikuipa nafasi hiyo. Katika matoleo ya kwanza ya mfululizo wa 2.6, ulioanza mwezi Desemba 2003, saa ya ndani ya kiini iliiamsha prosesa za kompyuta za kawaida mara 1,000 kwa sekunde, kukiwa na kazi au pasiwe na kazi. Mtu anayeamshwa kila dakika hapati usingizi mzito, na prosesa nayo ni hivyo hivyo. Toleo la 2.6.21, lililotolewa mwezi Aprili 2007, lilileta utaratibu wa kuinyamazisha saa hiyo pasipo na kazi.

Mwezi uliofuata kampuni ya Intel ilitoa programu iitwayo PowerTOP. Programu hiyo iliorodhesha kwa majina ni zipi zilizokuwa zikimwamsha mlalaji huyo, na mara ngapi kwa sekunde. Ilidhihirika kwamba programu nyingi za kawaida zilikuwa zikiamka mara nyingi kwa sekunde ili kuangalia kama kuna jambo jipya, na jambo lenyewe halikuwapo. Waandishi wa programu hizo walipoyaona majina yao katika orodha, wengi walirekebisha kazi yao. Kosa lilikuwapo kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni kipimo cha kulionyesha. PowerTOP ingali inatumika hadi leo, nayo ni mahali pema pa kuanzia kwa mwalimu ye yote.

Jambo moja lastahili kutiliwa mkazo darasani. Kuokoa wati 1 hakuna thamani ile ile kila mahali. Betri ya wati-saa 30 inayotumiwa kwa wati 10 hudumu saa 3. Ikitumiwa kwa wati 9 hudumu saa 3 na dakika 20. Nyongeza ni dakika 20. Betri hiyo hiyo ikishushwa kutoka wati 6 hadi wati 5, muda wake hutoka saa 5 na kufika saa 6. Wati ni ile ile moja, lakini nyongeza imekuwa ya saa nzima. Kwa hiyo fundi mwenye busara huanza na matumizi makubwa, na akishayapunguza hayadharau yale madogo yaliyobaki, kwa kuwa sasa yana thamani kubwa kuliko hapo kwanza.

Kisa cha mwaka 2011

Faida ya kupima yaonekana vizuri katika kisa kilichotokea mwaka 2011. Toleo la 2.6.38 la kiini cha Linux lilitoka mwezi Machi mwaka huo, na baada ya muda watumiaji wa kompyuta mpakato za namna nyingi walianza kusema kwamba betri zao zinaisha upesi kuliko zamani. Malalamiko peke yake yasingefika mbali. Mtu mmoja alishuku skrini, wa pili alishuku betri yake, na wa tatu alishuku programu aliyoiweka wiki ile.

Mwandishi wa habari za Linux, Michael Larabel, alilikabili jambo hilo kwa kipima umeme. Alipima matumizi ya mashine zilizokuwa na matoleo mbalimbali ya kiini, akaona mahali ambapo matumizi yalipanda, kisha akatumia njia ya kukata nusu kwa nusu ili kulipata badiliko lenyewe. Njia hiyo yafaa kujulikana na kila mwanafunzi. Mabadiliko yote yaliyoingizwa kati ya toleo jema na toleo lenye kosa hupangwa kwa mfuatano. La katikati hujaribiwa. Iwapo lina kosa, kosa limo katika nusu ya kwanza, na iwapo halina, kosa limo katika nusu ya pili. Nusu yenye kosa hukatwa tena, na tena. Mabadiliko 10,000 hayahitaji majaribio 10,000. Majaribio 14 yatosha, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 14 ni 16,384.

Chanzo kilichopatikana hakikuwa kile ambacho watumiaji walikishuku. Kuna utaratibu uitwao ASPM, ambao kwao njia za mawasiliano baina ya prosesa na vifaa vingine, kama kadi ya mtandao, huachwa zilale pasipo data ya kupita. Katika baadhi ya kompyuta, BIOS, yaani programu ya msingi inayowekwa kiwandani, ilitangaza kwamba utaratibu huo hautumiki katika mashine ile, ilhali vifaa vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuwekwa tayari kuutumia. Kiini kipya kiliuamini utangazaji huo na kuuzima utaratibu kila mahali. Marekebisho yaliyoandikwa na Matthew Garrett yaliingizwa katika toleo la 3.3 la mwezi Machi 2012.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba waliosema Linux inakula betri, katika mashine hizo na kwa mwaka huo, walikuwa na haki. Lalamiko halikuwa la uongo, bali lilikuwa halijapimwa. La pili lahusu tiba iliyosambazwa wakati huo. Watumiaji waliambiwa waongeze maneno pcie_aspm=force katika amri za kuwashia kompyuta. Katika mashine nyingi yalileta nafuu, na katika baadhi yake yaliweza kuifanya kompyuta iganda kabisa. Kosa lilikwisha kusahihishwa mwaka 2012, lakini maneno hayo bado hukutwa katika orodha za mashauri, na bado kuna watu wanaoyaandika katika kompyuta ambazo hazikuwa na ugonjwa huo kamwe.

Dawa za kunakili

Mifano ya namna hiyo ni mingi, na mitatu yatosha. Wa kwanza ni shauri la kuiacha betri iishe kabisa kila mara kabla ya kuichaji. Shauri hilo lilitokana na betri za nikeli na kadimi. Betri ya lithi haipati faida yo yote kwa kumalizwa mara kwa mara, na huchakaa upesi zaidi. Linaloweza kutetewa ni kuimaliza mara chache sana, ili chombo kinachokadiria chaji kijisahihishe.

Mfano wa pili ni kuifunga prosesa katika mapigo ya chini kabisa wakati wote. Kwa kusikia tu, shauri hilo laonekana kuwa na akili. Lakini na ichukuliwe hesabu ya kompyuta ambayo hutumia wati 4 ikiwa imetulia. Kazi fulani hufanywa kwa kasi kwa dakika 2 kwa wati 15, kisha mashine hutulia kwa dakika 4. Jumla ni wati-dakika 30 na 16, yaani 46. Kazi hiyo hiyo ikifanywa polepole kwa dakika 6 kwa wati 8, jumla ni wati-dakika 48. Mwenye haraka amemaliza mapema na ametumia nishati kidogo zaidi, kwa sababu skrini na vifaa vingine huendelea kula umeme wakati prosesa inapojivuta. Tarakimu zikibadilika kidogo jibu huweza kugeuka, na hiyo ndiyo sababu jibu haliwezi kunakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine.

Mfano wa tatu ni kurundika programu za kubana matumizi. Ziko programu nzuri za kazi hiyo, kama TLP na power-profiles-daemon, na matoleo mengi ya Linux huja na mojawapo. Mtu aonaye kwamba dawa moja ni njema hudhani mbili zitakuwa njema zaidi, akaziweka zote. Programu hizo mbili hubadilisha mipangilio ile ile, na moja huweza kufuta iliyoyafanya nyingine. Mgonjwa hapaswi kumeza dozi za waganga wawili wasiojuana.

Usingizi wa kompyuta iliyofunikwa nao wataka kutazamwa. Mara nyingi mwalimu hufunika kompyuta jioni ikiwa na chaji nzuri, na asubuhi huikuta imeisha. Katika Linux faili la /sys/power/mem_sleep huonyesha aina za usingizi ambazo mashine inazijua, na ile inayotumika huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Neno deep ni usingizi mzito, ambamo karibu kila kitu huzimwa isipokuwa kumbukumbu. Neno s2idle ni usingizi mwepesi, ambao wema wake hutegemea sana namna mashine ilivyoundwa. Lakini hata hapa kipimo hutangulia. Energy_now husomwa jioni na kusomwa tena asubuhi. Ikiwa zimepotea wati-saa 15 katika saa 10, mashine ilikuwa ikitumia wati 1.5 usiku kucha, na kwa shule isiyo na umeme mwingi dawa ya hakika ni kuizima kabisa.

Pingamizi na majibu yake

Wako watakaosema kwamba kazi hii si ya mwalimu. Mwalimu ana vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha. Anachotaka ni mashine inayofanya kazi. Wako pia watakaosema kwamba watengenezaji wa kompyuta na wa mfumo ndio wanaopaswa kuyanyosha mambo haya kabla mashine haijamfikia mtumiaji. Pingamizi zote mbili zina ukweli. Kompyuta nyingi hutengenezwa na kupimwa kiwandani kwa ajili ya mfumo mwingine, na pale ambapo mtengenezaji hakutoa maelezo ya kifaa chake, Linux huweza kushindwa kukilaza kifaa hicho inavyopasa. Hilo halikanushwi. Na kwa kweli mfumo wa leo umekwisha kufanya mengi bila kuombwa, kuliko ulivyofanya mwaka 2007.

Lakini mtengenezaji aliyeko mbali hajui umri wa betri iliyoko katika shule fulani, wala mwanga wa chumba chake, wala kazi inayofanywa humo. Mambo hayo hujulikana na aliyepo tu. Tena kazi yenyewe haimwongezei mwalimu wa fizikia mzigo mpya. Yampa jaribio ambalo vifaa vyake vimekwisha kuwapo. Shule nyingi hukosa vipima umeme vya kutosha kwa kila kundi la wanafunzi. Kompyuta mpakato ni betri, mzigo na kipimo katika sanduku moja.

Jaribio lenyewe laweza kufanywa hivi. Betri huchajiwa, waya huchomolewa, na mwanga wa skrini huwekwa katika kiwango kimoja kisichobadilishwa. Kompyuta huachwa kwa dakika 10 ili itulie. Kisha energy_now husomwa, na baada ya dakika 30 husomwa tena. Ikiwa imeshuka kutoka wati-saa 28 hadi 24.5, zimetumika wati-saa 3.5 katika nusu saa, na wastani wa nguvu ni wati 7. Njia hii ni bora kuliko kusoma power_now mara moja, kwa kuwa kipimo cha papo hapo hupanda na kushuka. Baadaye hubadilishwa kitu kimoja tu: mwanga wa skrini, au mtandao wa waifai kuzimwa, au kivinjari chenye kurasa nyingi kufungwa. Jaribio hurudiwa mara tatu kwa kila badiliko, na matokeo huandikwa katika jedwali. Kundi linalobadilisha vitu viwili kwa pamoja litagundua lenyewe kwamba haliwezi kusema ni kipi kilicholeta nafuu, na funzo hilo lina thamani kuliko dakika zo zote za betri zilizookolewa.

Betri yenyewe nayo itunzwe. Katika baadhi ya kompyuta kuna faili liitwalo charge_control_end_threshold, ambalo huiambia mashine isichaji kupita kiwango fulani, kwa mfano asilimia 80. Kwa kompyuta inayokaa karibu na soketi siku nyingi, hatua hiyo hupunguza uchakavu, kwa maana chaji iliyojaa pamoja na joto ndivyo vinavyoizeesha betri ya lithi. Na betri iliyovimba isipimwe tena wala isitobolewe. Iondolewe katika matumizi mara moja, kwani huweza kuwaka moto.

Wati tatu na taa tano

Anayedhani kwamba mambo haya ni madogo na aifanye hesabu ya shule yenye kompyuta 20 zinazochajiwa kwa umeme wa jua. Ikiwa kila moja imepunguziwa wati 3, na hutumika saa 4 kwa siku, akiba ni wati-saa 240 kila siku, pasipo kuhesabu umeme unaopotea njiani katika kuchaji. Katika betri za volti 12 za akiba ya shule, hizo ni ampea-saa 20. Nishati hiyo huweza kuwasha taa tano za wati 8 kwa saa 6, yaani darasa moja la kujisomea usiku. Hakuna paneli iliyonunuliwa na hakuna fedha iliyotolewa. Kilichotumika ni daftari, kalamu na mafaili yaliyokuwa humo siku zote.

Afrika ya Mashariki si ngeni katika kazi ya programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa lugha ya Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba programu zilizo wazi huweza kufunguliwa, kusomwa na kufanyiwa kazi na watu wa hapa. Kuisoma betri ni kazi ndogo kuliko ile, na yaweza kufanywa na kidato cha pili.

Yafaa basi kila shule yenye kompyuta mpakato iwe na daftari moja la betri. Katika daftari hilo kila mashine iandikiwe energy_full_design yake, na kila mwanzo wa muhula energy_full yake, pamoja na wastani wa wati zake ikiwa imetulia. Mashine ambayo wati zake zimepanda ghafula itafutiwe chanzo. Mashine ambayo wati zake ni nzuri lakini nishati yake imekwisha itafutiwe betri. Na mtu akija na amri mpya aliyoisikia mahali, asikataliwe wala asisadikiwe. Apewe daftari, aandike kipimo cha kabla, ajaribu amri yake, kisha aandike cha baada.